Kambi za madaktari wa kujitolea: zinavyofanya kazi, na ujiandae vipi zikija karibu nawe

Tangazo lenyewe huwa fupi. Madaktari bingwa watakuwa hospitali ya wilaya kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, wenye matatizo ya macho, ngiri, uvimbe tumboni na magonjwa ya wanawake wafike mapema. Tukishalisoma hewani, simu ya studio haipumziki. Wasikilizaji wa Maganzo, Mhunze, Kolandoto, Kahama hadi Katoro wanauliza maswali yanayofanana. Ni bure kweli? Hao madaktari wanatoka wapi? Nikipasuliwa Alhamisi na wao wakaondoka Jumamosi, kidonda changu atakiangalia nani?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, na tutalijibu. Tuanze na kambi yenyewe.

Kambi ya madaktari ni nini?

Ni kikundi cha wataalamu wa afya kinachofika mahali kwa muda mfupi, mara nyingi siku tano hadi wiki mbili, kutoa huduma ambayo kwa kawaida haipatikani hapo. Kwa watu wa Kishapu, bingwa wa macho au wa upasuaji wa watoto maana yake ni safari ya Shinyanga mjini, au Bugando kule Mwanza. Kuna nauli ya mgonjwa, nauli ya msindikizaji, chakula na mahali pa kulala. Kambi inageuza safari hiyo: daktari ndiye anayesafiri.

Kambi si za aina moja. Zipo za wageni kutoka nje ya nchi, Marekani, Ulaya au Asia, wanaotumia likizo zao na mara nyingi kujilipia nauli. Nyingi huja kwa mwaliko wa kanisa, msikiti au shirika. Zipo za taasisi zetu wenyewe. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, ina huduma ya tiba mkoba, ambapo wataalamu wake huenda mikoani na vipimo vyao vya moyo. Na zipo za serikali. Tangu mwaka 2024 Wizara ya Afya imekuwa ikipeleka timu zinazojulikana kama Madaktari Bingwa wa Rais Samia kwenye hospitali za halmashauri zote 184 za Tanzania Bara. Katika timu hizo huwamo bingwa wa magonjwa ya wanawake na ukunga, wa watoto, wa upasuaji, wa magonjwa ya ndani, na wa ganzi na usingizi. Hawa wa serikali wako kazini, lakini kwa mgonjwa utaratibu ni karibu ule ule.

Habari hii haikuanza jana

Kanda yetu imezoea tiba inayotoka mbali. Hospitali ya Kolandoto, nje kidogo ya Shinyanga mjini, ilianzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya John Williamson kugundua almasi Mwadui mwaka 1940, mgodi ulijengewa hospitali yake, na wazee wengi wa Maganzo wanaikumbuka. Nchi jirani ya Uganda, Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Wamisionari wa aina hiyo walikuja kukaa, wengine maisha yao yote.

Mtindo wa daktari kuja na kuondoka ulipata nguvu zaidi ndege zilipoingia. Katika miaka ya 1950 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walipanga pale chini ya Mlima Kilimanjaro namna ya kuwafikia wagonjwa wa vijijini kwa ndege ndogo. Mpango huo ndio uliozaa Madaktari wa Angani wa Amref, ambao makao yao leo yako Nairobi.

China nayo ilituma timu ya kwanza ya madaktari Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na utaratibu huo haujakatika. Julai 2024 meli yake ya hospitali, inayoitwa Peace Ark, ilitia nanga Dar es Salaam na wananchi wakapanga foleni kutibiwa.

Wengi bado tunakumbuka Mei 6, 2017, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni Karatu na watu 35 kupoteza maisha. Watu wa kujitolea kutoka Marekani, wa shirika la STEMM la jimbo la Iowa, walikuwa wakipita barabara hiyo. Walisimama na kusaidia kuokoa. Watoto watatu walitoka hai, wakapelekwa kutibiwa Sioux City, na Agosti mwaka huo huo walirudi nyumbani.

Ugonjwa gani unafaa kupelekwa kambini?

Hapa ndipo wasikilizaji wengi wanapokosea, na kosa hili lina gharama. Mtu anauza mbuzi, anapanda bodaboda na basi, anapanga foleni siku mbili, halafu anaambiwa tatizo lake halitibiki pale.

Kanuni rahisi ni hii: kambi inafaa zaidi kwa tatizo linaloweza kumalizwa kwa tendo moja.

Mtoto wa jicho ni mfano bora. Lenzi ya jicho inakuwa na ukungu, na mzee anaishi gizani pole pole. Daktari huitoa na kuweka lenzi bandia. Mara nyingi upasuaji wenyewe hauchukui hata nusu saa, na bandeji huweza kutolewa kesho yake. Bibi aliyekuwa akishikwa mkono na mjukuu anaweza kurudi shambani, na mjukuu akarudi shule.

Ngiri na mabusha ni mfano mwingine. Wapo wanaume wanaoishi na tatizo hili miaka mingi kwa aibu, hawalimi wala hawabebi mzigo. Vile vile mdomo sungura kwa watoto: hutengenezwa kwa upasuaji, na mtoto akanyonya, akala na kuongea vizuri. Hakuna haja ya kumficha ndani.

Halafu kuna fistula. Mama anakaa na uchungu muda mrefu mno, mtoto amekwama, kichwa kinabana nyama kati ya kibofu na njia ya uzazi hadi tundu linatokea. Baada ya hapo mkojo, au haja kubwa, unavuja bila kujizuia. Huo ni ugonjwa wa uzazi uliochelewa kusaidiwa. Hakurogwa, na wala si malipo ya dhambi. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1994, inautibu bure, na kuanzia mwaka 2009 ilianza kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa kupitia mabalozi wake waliopo mikoani. Bugando nayo hufanya upasuaji huu. Kwa hiyo mama mwenye tatizo hili asingoje kambi. Aanze zahanati yake leo.

Ugonjwa gani haumaliziki kambini?

Presha, kisukari, selimundu, kifafa na Ukimwi havitibiwi kwa wiki moja. Kambi inaweza kukugundua, na hilo ni jambo kubwa, lakini dawa utameza mwaka mzima. Ukipewa vidonge vya presha vya mwezi mmoja, swali la kwanza liwe: mwezi wa pili nitavipata wapi? Jibu linalotakiwa ni jina la zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Kwa ndugu zetu wachimbaji, wa almasi hapa Maganzo na wa dhahabu kule Geita, Nyarugusu na Msalala, kuna mambo mawili. La kwanza ni kifua. Vumbi la mwamba likiingia kwenye mapafu miaka mingi linaacha makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hakuna dawa ya kuyarudisha mapafu yalivyokuwa. Anayeugua huo pia hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Ukikohoa wiki mbili au zaidi usisubiri daktari wa kutoka mbali, kwa sababu kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vyetu vya serikali.

La pili ni zebaki inayotumika kukamatia dhahabu. Moshi wake unapochomwa unaingia mwilini, na unaweza kuleta kutetemeka mikono, kusahau na kukosa usingizi. Daktari wa kambi hawezi kukutibu Jumatatu kisha Jumanne ukarudi kuchoma zebaki jikoni penye watoto. Dawa ya kwanza ni kuacha kuuvuta ule moshi.

Daktari mgeni anaruhusiwaje kukutibu?

Cheti cha ng'ambo peke yake hakimpi mtu ruhusa ya kutibu Tanzania. Daktari wa kigeni anatakiwa kupata usajili wa muda kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, hata kama amekuja kwa siku tano na hatozi hata senti. Dawa na vifaa tiba anavyokuja navyo vinatakiwa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Na Mganga Mkuu wa Wilaya anatakiwa kujua ni nani wamekuja, watafanya nini na wapi.

Wapo watakaoona huo ni urasimu unaochelewesha msaada. Lakini yaliyotokea Jinja, Uganda, yanaonyesha kwa nini sheria ipo. Raia mmoja wa Marekani aliendesha huko kituo cha watoto wenye utapiamlo bila kuwa na mafunzo ya udaktari. Januari 2019 kina mama wawili waliopoteza watoto walimshtaki mahakamani, wakidai alikuwa akitoa huduma za kitabibu. Alikanusha madai hayo, na mwaka 2020 kesi iliisha kwa makubaliano nje ya mahakama, bila yeye kukubali kosa. Iwe aliyesema kweli ni nani, kina mama wale walisema walimwamini kwa sababu walimwona amevaa na kufanya kama daktari. Nia njema ya mgeni haimwambii mzazi kama huyo aliyeshika sindano amesomea kuishika.

Kwa dawa za msaada pia kuna utaratibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa kwanza mwaka 1996, unataka dawa inayotolewa msaada iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake inapofika nchini. Wewe mgonjwa unaweza kufanya sehemu yako: ukipewa dawa, tazama tarehe kwenye boksi. Ukipewa vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina, uliza vinaitwaje na uandikiwe.

Kabla ya kwenda

Thibitisha tangazo. Mpigie mtendaji wa kijiji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au uliza zahanati. Kambi ya kweli inajulikana na uongozi wa afya wa wilaya. Ukiona watu wanatoza fedha za kuandikisha majina barabarani au mnadani, toa taarifa. Wizara ya Afya ina namba 199, unapiga bila malipo.

Uliza nini ni bure. Wakati mwingine kumwona daktari ni bure lakini vipimo, dawa au kitanda vinalipiwa. Wakati mwingine bima inatumika. Ni bora kujua ukiwa nyumbani kuliko ukiwa dirishani.

Beba kadi ya bima kama unayo, kadi ya kliniki ya mtoto, daftari au karatasi za hospitali ulizotibiwa zamani, na dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji. Usione haya kusema umekunywa dawa ya mganga. Baadhi ya mitishamba huathiri kuganda kwa damu au hupambana na dawa ya usingizi, na daktari asiyejua hawezi kukukinga.

Nenda na mtu. Kama mzee wako anaelewa Kisukuma kuliko Kiswahili, huyo msindikizaji awe anayeweza kutafsiri vizuri. Lakini binti asiwekwe kutafsiri magonjwa ya siri ya baba yake. Omba muuguzi.

Siku yenyewe

Hatua ya kwanza ni uchunguzi. Utapimwa presha, sukari, uzito, pengine damu. Wapo watakaorudishwa hapo, na kurudishwa hakumaanishi kudharauliwa. Mtu mwenye presha ya juu sana akilazwa kwenye meza ya upasuaji anaweza asiamke. Ukirudishwa, usiondoke mikono mitupu: omba barua ya rufaa inayosema tatizo ni nini na uende wapi.

Ukiambiwa usile kabla ya upasuaji, usile kweli. Chakula kikiwa tumboni wakati wa nusu kaputi kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Uji wa huruma ambao shangazi anamnyweshea mtoto kwa siri alfajiri unaweza kumuua.

Kabla ya kupasuliwa utapewa fomu ya ridhaa. Usitie sahihi wala dole gumba kabla hujaelezwa mambo manne kwa lugha unayoielewa: nina ugonjwa gani, mtanifanya nini, nini kinaweza kuharibika, na nisipofanyiwa itakuwaje. Una haki ya kusema hapana, na una haki ya kusema ngoja nizungumze na mwenzangu. Ila kwa mtu mzima mwenye akili timamu, ridhaa ni yake. Mume hasaini kwa niaba ya mke aliye macho na anayejieleza.

Kuna jambo la picha. Wageni wengi hupiga picha za kuonyesha wafadhili wao. Unaweza kukataa, au kukubali usoni pasionekane. Kukataa kupigwa picha hakukuondoi kwenye foleni, na akikuambia vinginevyo mwone msimamizi wa hospitali.

Baada ya wao kuondoka

Sasa lile swali la kidonda. Jibu ni kwamba unabaki mikononi mwa wauguzi na madaktari wa hospitali yako ya wilaya, watu wale wale uliowakuta kabla ya kambi. Kwa hiyo kabla hujatoka wodini, hakikisha mambo haya yameandikwa, si kusemwa tu: upasuaji uliofanyiwa unaitwaje, dawa ulizopewa na siku za kuzimeza, siku ya kutoa nyuzi, na mahali pa kurudi. Piga picha karatasi hiyo kwa simu, maana karatasi hulowa na kupotea.

Rudi haraka kituo cha afya ukiona homa, usaha, harufu mbaya, damu isiyokoma, uvimbe unaoongezeka, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Aliyetolewa mtoto wa jicho akiona jicho linauma, limekuwa jekundu au uoni unapungua, asingoje kesho. Asilisugue, asiweke maziwa wala maji ya majani, na aendelee na matone ya dawa hadi tarehe aliyoambiwa. Dozi ya dawa ni yako peke yako, usimgawie jirani kwa sababu dalili zinafanana.

Hapa pia inafaa tujue upande wa hospitali. Kambi inapokuja, wodi hujaa, maabara huelemewa, na wauguzi wale wale hufanya kazi usiku. Wageni wakiondoka, wagonjwa waliopasuliwa bado wapo. Kambi iliyopangwa vizuri hupanga na hospitali mapema: ni wagonjwa wangapi tunaweza kuwahudumia baadaye, siyo wangapi tunaweza kuwapasua kwa wiki.

Kambi nzuri utaijua kwa inachoacha

Mwaka 2006 daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Angeweza kupasua wagonjwa wengi na kuondoka. Aliamua kumfundisha mtabibu wa hapo, Emmanuel Mayegga, ambaye hakuwa bado na shahada ya udaktari. Mayegga alijifunza, akawa anafanya upasuaji huo, na naye akamfundisha mwenzake. Ellegala alipoondoka, huduma ilibaki Haydom. Baadaye Mayegga alikwenda kusomea udaktari.

Mfano wa karibu nasi zaidi ni Dk. Godwin Godfrey, aliyekuwa Bugando. Shirika la Save a Child's Heart la Israel lilikuwa likitibu watoto wenye matatizo ya moyo kutoka nchi zetu. Pamoja na kutibu watoto, lilimpa yeye mafunzo ya upasuaji wa moyo kwa watoto, akarudi kufanya kazi nyumbani. Mtoto aliyepelekwa Israel alipona mmoja. Daktari aliyerudi anatibu mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa kijiji au kikao cha kata, tangazo la kambi likiletwa, wananchi wana haki ya kumuuliza diwani na mganga mkuu maswali matatu. Wataalamu wetu watafanya kazi bega kwa bega na wageni, au watabeba mabegi tu? Vifaa watakavyoacha, yupo mtu anayejua kuvitengeneza vikiharibika? Na wagonjwa wa mwaka huu, nani ana orodha yao?

Mwenye tatizo la muda mrefu asikae akisubiri tangazo la redio. Zahanati ya kijiji ndiyo mlango wa kwanza, na rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, ya mkoa kule Mwawaza, Bugando au hospitali ya kanda Chato huanzia hapo. Kambi ikija wakati tayari una faili, umeshapimwa na tatizo lako linajulikana jina, unaingia kwenye orodha mapema na daktari anatumia muda wake kukutibu badala ya kuanza kukutafuta ugonjwa.